Kijana Kiziwi Aliyehesabu Mapigo ya Nyota

Utotoni nikitajiwa zimwi usiku nilijifunika shuka gubigubi. Ukubwani ndipo nilipojua kuwa zimwi lina nyota yake mbinguni: Waarabu waliiita Ra's al-Ghul, yaani kichwa cha zimwi, na Wazungu wakalichukua jina hilo wakalifupisha kuwa Algol. Aliyeihesabia nyendo zake ni John Goodricke, na kila nisomapo habari zake huona haya, maana kwa umri wake mimi sikuwa nimefanya lolote.

Goodricke alizaliwa Groningen, Uholanzi, mwaka 1764. Maradhi ya utotoni yakamwacha kiziwi. Wazazi wake hawakumficha uani, kama wafanyavyo baadhi yetu. Walimpeleka Edinburgh kwenye shule ya viziwi ya Thomas Braidwood, kisha Warrington.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1782, mjini York, Uingereza, akiwa na miaka 18, aliiona Algol imefifia. Hakuwa na chombo cha kupimia mwangaza. Aliilinganisha kwa macho na nyota jirani, usiku baada ya usiku, akiandika saa na dakika, hata akapata kwamba hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hivi. Akadhania huenda kuna kitu cheusi kinachoizunguka na kuikinga, mfano wa kupatwa kwa jua. Mwaka 1783 Royal Society, chama cha wataalamu cha London, kikamtunukia nishani ya Copley. Ithibati ya dhana yake ilikuja mwaka 1889!

Mwaka 1784 akagundua Delta Cephei, ibadilikayo kila siku 5 na saa 9 hivi. Hiyo haikingwi na kitu. Yenyewe hutanuka na kunywea kama kifua cha mtu apumuaye, jambo ambalo yeye hakulijua. Mwaka 1978, huko Afrika Kusini, ilitambuliwa nyota yenye sumaku kali ipwitayo kila dakika 12 hivi, kwa badiliko dogo lisiloonekana kwa jicho. Vyombo ni vingine, lakini kazi ni ile ile ya Goodricke: kupima mwangaza, kuandika saa, kutafuta mapigo.

Tarehe 16 Aprili 1786 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Siku 4 baadaye akafariki, na inasemekana habari hiyo haikuwahi kumfikia. Wengi husema ni baridi ya kukesha nje iliyomletea homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 21. Alizikwa Hunsingore, kijiji kisicho mbali na York.