Bwana Bateson na Panga za Kuku

Likizoni, nikiwalisha kuku wa mama, huwaza habari za William Bateson, Mwingereza aliyezaliwa Whitby mwaka 1861.

Mwaka 1900 Bateson alisoma maandishi ya mtawa Mendel juu ya urithi wa njegere. Je, kanuni ile yawahusu wanyama pia? Yeye na mkewe, Beatrice, walifuga kuku nyumbani, naye akipata riziki kwa kusimamia jiko la chuo huko Cambridge. Alizalisha kuku wa upanga wa waridi na wa upanga wa kawaida. Vifaranga wote wakatoka na waridi. Lakini hao walipozaana, karibu mmoja katika kila wanne aliurudia upanga wa kawaida. Mimi nilistaajabu zaidi kusoma kwamba waridi na njegere huzaa upanga wa tatu, usio wa baba wala wa mama!

Alitangaza matokeo mwaka 1902, akagombana na rafiki yake wa zamani, Weldon, aliyempinga. Mwaka 1905 aliipa elimu hii jina la jenetiki. Ukaidi alikuwa nao: kwa miaka mingi alikataa kwamba urithi umo katika kromosomu.

Alifariki mwaka 1926. Mwaka 2009 wataalamu walikuta, katika kromosomu hizo hizo, kipande kilichojirudia mara nyingi. Ndicho kiletacho upanga wa njegere.