Rebmann na Ule Weupe wa Kilimanjaro

Pale Mchikichini, soko la Karume, makoti mazito ya mtumba yananing'inia juani na watu wanayapita jasho likiwatoka. Ukimwona mtu anabishania bei ya koti kama lile, ujue ana safari ya Ulaya au anakwenda kupanda Kilimanjaro. Johannes Rebmann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba aliiona theluji ya mlima huo, alikwenda na mwavuli.

Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akasomea umisionari Basel kule Uswisi. Shirika la CMS la Uingereza likamtuma Mombasa, akafika 1846 na kuungana na mwenzake Ludwig Krapf huko Rabai. Kazi ilikuwa kuhubiri, ila wote wawili walipenda sana kujua huko bara kuna nini.

Tarehe 27 Aprili 1848, masika kabisa, Rebmann akaondoka Rabai kwa miguu kuelekea Uchagani. Alikuwa na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyezijua njia zile. Mei 11, wakiwa bado mbali, akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akamuuliza Bwana Kheri ni nini. Bwana Kheri hakuwa na jina lake. Akasema tu kwamba ni baridi. Mimi ningempa maksi zote. Mtu ambaye hajawahi kuiona theluji kwa karibu angesema nini zaidi ya hapo?

Wachagga wenyewe jina walikuwa nalo: kibo. Walijua pia kwamba kitu kile kinageuka maji. Rebmann alisimuliwa kuwa Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wakachunguze ule weupe. Akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Yaani utafiti ulikwishafanyika, na gharama yake ililipwa kwa roho za watu.

Habari za Rebmann zilipochapwa London mwaka 1849, wasomi wengine walicheka. Theluji karibu na Ikweta? William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuikanyaga, alimpinga kwa miaka mingi. Kusema haki, Rebmann hakupanda hadi kuigusa. Aliiona kwa mbali. Lakini aliiona, tena zaidi ya mara moja. Na mwaka huohuo wa 1849 alirudi Uchagani, Mangi Mamkinga wa Machame akammaliza bidhaa zake zote kwa jina la zawadi, akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu. Huyo ndiye mtu aliyeambiwa anatunga.

Aliendelea kubishaniwa mpaka mwaka 1862, Baron von der Decken na Otto Kersten walipopanda hadi mita 4,000 na ushei, theluji ikawaangukia. Hapo ubishi ukaisha, ingawa Cooley hakukubali kirahisi.

Rebmann hakwenda kusherehekea popote. Alibaki palepale Rabai. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, waumini walikuwa wachache, na Krapf alikuwa amesharudi kwao zamani. Jioni za miaka hiyo zilikwenda kwenye kamusi. Moja aliiandika kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ambaye ndiye aliyempa lugha ya kwao neno kwa neno. Nadhani jina la Salimini lingestahili kuwa kwenye jalada.

Kisha macho yakaanza kufifia. Macho yaleyale. Alipoondoka Afrika mwaka 1875, baada ya miaka 29, alikuwa kipofu, na aliyemshika mkono hadi Ulaya ni kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Rebmann alifariki Korntal, Oktoba 1876. Kamusi ya Salimini ilitoka mwaka uliofuata.