John Logie Baird na Kamera ya Televisheni

Pengine umekwisha kutazama televisheni, ukaona watu walio mbali wakitembea na kuzungumza kana kwamba wamo ndani ya chombo hicho. Je, umepata kujiuliza picha hizo hufikaje? Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyejitengenezea kamera ya televisheni chumbani mwake, kwa vitu ambavyo wengi wangevitupa.

John Logie Baird alizaliwa tarehe 13 Agosti 1888 katika mji wa Helensburgh, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. John alikuwa dhaifu wa mwili, lakini alipenda kuchunguza mambo. Angali mvulana, aliunganisha nyumba yao na nyumba za rafiki zake kwa simu aliyoitengeneza mwenyewe. Baadaye alisomea uhandisi wa umeme mjini Glasgow. Alijaribu biashara ya soksi, kisha akaenda kisiwa cha Trinidad kutengeneza jemu, lakini maradhi yalimwandama na jemu haikumletea faida.

Mwaka 1923 alihamia Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, ili apate nafuu. Hakuwa na kazi, na fedha zake zilikuwa chache. Hata hivyo, aliamua kutengeneza chombo cha kupeleka picha kwa umeme. Alichukua kasha la majani ya chai, boksi la kofia, sindano za kushonea soksi, lenzi za taa za baisikeli, lakiri na gundi. Kwa vitu hivyo akaunda mtambo wake.

Mtambo huo ulifanyaje kazi? Fikiri kwamba unataka kumweleza mwenzako aliye chumba cha pili jinsi picha fulani ilivyo. Huwezi kueleza yote kwa mara moja. Utaanza juu, uende mstari baada ya mstari: hapa peupe, hapa peusi. Kamera ya Baird ilifanya vivyo hivyo. Ilikuwa na sahani yenye matundu yaliyopangwa kwa kuzunguka kama gamba la konokono. Sahani ya namna hiyo ilibuniwa na Mjerumani Paul Nipkow mwaka 1884. Sahani ilipozunguka, kila tundu lilipita juu ya sehemu nyembamba ya picha, jirani na sehemu ya tundu lililotangulia. Mwanga uliopenya uliangukia seli ya seleni. Mwanga ukizidi, seleni hupitisha umeme mwingi zaidi. Umeme huo ulikwenda kwenye taa, ikang'aa sana au kidogo, nyuma ya sahani nyingine iliyozunguka kwa mwendo ule ule.

Umepata kuona kijinga cha moto kikizungushwa gizani? Jicho lako huona duara zima la moto. Kwa sababu hiyo hiyo, mistari ya mwanga ilionekana kuwa picha moja.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Mwaka 1924 umeme wa nguvu nyingi ulimtupa Baird chini na kumwunguza mikono. Mwenye nyumba akamtaka aondoke. Kumbuka jambo hilo: usiguse kamwe nyaya za umeme wa nyumbani.

Baird akaenda London. Tarehe 2 Oktoba 1925 aliona kwa mara ya kwanza sura iliyo wazi ya kichwa cha mwanasesere, iliyochorwa kwa mistari 30. Kwa furaha alikimbia ghorofa ya chini, akamleta kijana mtumishi wa ofisi akae mbele ya kamera. Kwanza hakuonekana chochote, kwani kijana alijisogeza nyuma kukwepa joto la taa. Baird akampa fedha kidogo, akavumilia, na uso wake ukaonekana. Tarehe 26 Januari 1926 Baird aliwaonyesha wataalamu mtambo wake. Mwaka 1928 alipeleka picha kutoka London hadi jimbo la New York, Marekani, ng'ambo ya bahari.

Lakini sahani za kuzunguka hazikuweza kutoa picha safi sana. Wengine walitengeneza kamera za elektroni, zisizo na sahani, zilizotoa mistari 405. Mwaka 1937 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, likaacha njia ya Baird. Yeye hakuvunjika moyo. Aliendelea kuchunguza televisheni ya rangi hadi alipofariki tarehe 14 Juni 1946.

Hivyo ndivyo sayansi inavyosonga mbele. Njia ya Baird iliachwa, lakini iliwaonyesha watu kwamba jambo hilo linawezekana.

Jaribio
Toboa tundu dogo katikati ya karatasi ngumu. Iweke juu ya picha kitabuni, kisha uisogeze mstari kwa mstari. Mweleze mwenzako unachoona kila mara, naye achore. Linganisheni michoro yenu na picha yenyewe.

Maswali
1. Taja vitu vinne alivyotumia Baird.
2. Seleni hufanya nini inapomulikwa?
3. Kwa nini uso wa kijana haukuonekana mwanzoni?
4. Picha ya mistari 30 na ya mistari 405, ipi ni safi zaidi? Kwa nini?