Charles Stokes: Mmisionari aliyegeuka muuza bunduki Ziwa Victoria, akanyongwa Kongo

Asubuhi ya Januari 15, 1895, Mwailandi mmoja alinyongwa Lindi. Siyo Lindi yetu ya kusini, ni Lindi ya Kongo. Kosa lake lilikuwa kuwapelekea silaha Waarabu waliokuwa wakipigana na serikali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Jina lake Charles Stokes, na kuanzia Unyamwezi hadi Buganda hakuwa mgeni.

Alikuja na Biblia

Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852. Alifika Zanzibar 1878 akiwa mtumishi wa CMS, jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana. Kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza misafara ya mizigo kutoka pwani hadi ziwani, na aliiweza kweli. Aliongea Kiswahili na alipatana na wapagazi wa Kinyamwezi.

Mwaka 1884 mkewe, Ellen, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Mwaka uliofuata Stokes akamuoa Limi, wa ukoo wa Mtemi Mitinginya wa Usongo. Ndoa hiyo haikuwapendeza wakubwa zake, wakaachana. Stokes akaingia kwenye biashara: pembe za ndovu zinakwenda pwani, nguo, baruti na bunduki zinakuja bara.

Bunduki zilizogeuzwa

Bunduki hizo zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya.

Kwanza kulikuwa na gumegume, iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Baadaye mafundi waliigeuza itumie fataki, lakini bado ilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Mwaka 1866 Uingereza ikaenda mbali zaidi. Ilichukua bunduki zake za Enfield, ikakata sehemu ya nyuma ya mtutu na kuweka kifuniko kinachofunguka kwa pembeni. Risasi yenye ganda, baruti na fataki yake ikawa inaingizwa hapo. Mtutu ule ule, nyundo ile ile. Bunduki hiyo iliitwa Snider. Askari aliyekuwa akifyatua mara tatu kwa dakika sasa alifikisha karibu mara kumi.

Miaka michache tu baadaye jeshi likapata bunduki mpya, Martini-Henry, na Snider zikaanza kutoka. Stanley alipozunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 akitokea Kageye, karibu na Mwanza, watu wake walikuwa nazo.

Lakini kugeuza bunduki kuna gharama yake. Gobore halichagui, ukikosa risasi unashindilia hata vipande vya chuma. Ile iliyogeuzwa inataka risasi ya kipimo chake tu. Zikiisha, umebaki na rungu. Mafundi chuma wa Buganda walisifiwa na wageni kwa kutengeneza na kugeuza bunduki, ila risasi za kiwandani ziliendelea kutegemea msafara wa pwani. Kwa hiyo mwenye msafara alikuwa na nguvu kuliko mwenye bunduki.

Akamrudisha mfalme

Septemba 1888, Kabaka Mwanga wa Buganda alipinduliwa. Alikimbilia Magu, kisha kwa mapadri wa Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Mwaka 1889 Stokes akampakia kwenye mashua yake na kumvusha ziwa. Oktoba mwaka huo Mwanga aliingia tena Mengo, ingawa vita viliendelea hadi mwanzoni mwa 1890.

Mfanyabiashara wa namna hiyo lazima aogopwe. Desemba 1890, Kapteni Lugard wa Uingereza alikimbilia Kampala, na sababu moja ilikuwa habari kwamba shehena ya silaha ya Stokes iko njiani.

Mwaka huo huo mataifa makubwa yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume waliziachia mlango. Yaani Mwafrika abaki na ya jiwe, Mzungu abaki na ya risasi.

Hukumu ya usiku mmoja

Stokes akahamishia macho Kongo, kwenye pembe. Huko alikamatwa na kupelekwa kwa Kapteni Lothaire. Alihukumiwa haraka haraka na kunyongwa bila kupewa nafasi ya kukata rufaa.

London na Berlin zilikuja juu. Lothaire alishtakiwa Boma, kisha Brussels, kote akaachiwa. Uingereza ililipwa fidia ya faranga 150,000 na Ujerumani 100,000.

Stokes alikufa, bunduki zikabaki. Hadi leo polisi nchini wakitangaza kusalimisha silaha kwa hiari, magobore hayakosekani. Risasi za kiwandani hazipatikani kirahisi, lakini gobore halichagui.