Miezi Minne ya Kaisari Michael V

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mtu aliyelipuuza onyo la namna hiyo, akapoteza enzi na macho yake pamoja. Huyo ni Michael V, kaisari wa dola ya Byzantium, aliyetawala katika mji wa Constantinople, uitwao leo Istanbul, tangu Desemba 1041 hata Aprili 1042.

Watu walimpa jina la Kalaphates, nalo si geni masikioni mwa watu wa pwani yetu, kwa kuwa maana yake ni mtia kalafati. Baba yake, Stephen, aliifanya kazi hiyo ya kuziba nyufa za merikebu kabla hajapewa uamiri kwa ajili ya ukoo wa mkewe. Waliolitumia jina hilo walikusudia dharau. Sisi hatuoni aibu yo yote katika kazi ya mikono. Aibu ya Michael ilitokana na matendo yake.

Malkia Zoe, binti wa ukoo wa makaisari, ndiye aliyemfanya mwana wa kulea, naye akaapa kumtii. Alipokwisha kutawala, kwanza alimfukuza mjomba wake John, aliyeshika madaraka makubwa serikalini. Mafundi na watu wa sokoni walimpenda, hata wakamtandikia mazulia njiani. Akadhani shangwe zile zilikuwa mali yake mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Aprili 19, 1042, alimsingizia Zoe kuwa ataka kumwua, akamhamishia kisiwa cha Prinkipo, akanyolewa nywele awe mtawa. Tangazo liliposomwa uwanjani, umma ulilikataa. Wanaume kwa wanawake walishika silaha walizozipata. Magereza yakavunjwa, na majumba ya jamaa zake kaisari yakabomolewa. Michael alimrudisha Zoe upesi, akamwonyesha kwa watu, lakini hawakuridhika. Walimtoa Theodora, nduguye Zoe, katika nyumba ya watawa, wakamtangaza kuwa malkia ndani ya Hagia Sophia. Mwandishi wa tarehe, Skylitzes, ataja maiti 3,000 katika mapigano hayo.

Michael alikimbilia nyumba ya watawa ya Stoudios pamoja na mjomba wake Constantine. Walitolewa kwa nguvu, wakapofushwa wote wawili. Zoe na Theodora wakatawala pamoja, na Michael akafa mwaka ule ule.

Hatuusifu ukatili ule wa kupofusha watu. Lakini twaona wazi kosa lililouleta. Wale waliombomolea kaisari majumba ya jamaa zake walikuwa watu wa mji ule ule uliomtandikia mazulia siku chache tu zilizotangulia. Walimkubali kwa sababu ya Zoe na kwa sababu ya kiapo chake. Alipomtupa Zoe na kukivunja kiapo, walinzi na kuta za jumba la enzi hazikumfaa kitu. Kiongozi asiyejua sababu ya kupendwa kwake hawezi kujua siku pendo hilo litakapokwisha.