Sperati: Mghushi wa stempu aliyetumia karatasi halali

Mfanyabiashara anayepokea noti kubwa huiinua kwanza kwenye mwanga. Anatafuta picha iliyojificha ndani ya karatasi, ambayo haikuchapwa kwa wino. Picha hiyo huitwa alama ya maji. Wakusanyaji wa stempu za zamani nao huitafuta kabla ya kutoa fedha zao. Mtu aliyewaonyesha hasara ya kutegemea alama hiyo peke yake ni Jean de Sperati.

Sperati alizaliwa nchini Italia mwaka 1884. Alijifunza upigaji picha, uchapaji na matumizi ya kemikali, kisha akahamia Ufaransa na kuishi katika mji wa Aix-les-Bains. Huko, kwa miaka mingi, alitengeneza nakala za stempu adimu, hasa za karne ya 19. Kabla ya kufa alikuwa ameghushi zaidi ya aina 500 kutoka nchi mbalimbali duniani.

Ili kuelewa alichofanya, ni vizuri kujua alama ya maji inavyopatikana. Karatasi ikiwa bado rojo kiwandani, waya uliokunjwa kwa umbo la taji, herufi au nyota huikandamiza. Mahali palipokandamizwa panakuwa pembamba kuliko pengine, na karatasi ikikauka umbo hilo hubaki humo. Penny Black, stempu ya kwanza ya kubandika duniani iliyotolewa Uingereza mwaka 1840, ilikuwa na taji dogo la namna hiyo. Hata stempu zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa ukoloni zilichapwa kwenye karatasi yenye taji na herufi CA, za wakala aliyenunua bidhaa kwa niaba ya makoloni ya Uingereza.

Alama nyingine huonekana kwa kuinua stempu kwenye mwanga. Isipoonekana, mkusanyaji huilaza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi na kuidondoshea benzini safi kidogo. Karatasi inapolowa, sehemu nyembamba huonekana nyeusi zaidi, na umbo hujitokeza kwa muda mfupi kabla benzini haijakauka. Kazi hii hufanyika mbali na moto, kwa sababu benzini huwaka haraka. Aidha, baadhi ya wino huyeyuka kwenye benzini, hivyo mwenye busara hujaribu kwanza kwa stempu ya bei ndogo.

Kazi hiyo ina faida. Stempu mbili zenye picha moja na rangi moja zinaweza kutofautiana sana bei kwa sababu ya alama tu. Kwa mghushi wa kawaida, alama ya maji ni kikwazo kikubwa, kwa kuwa kutengeneza karatasi kama ya serikali kunahitaji mitambo na gharama.

Sperati alikikwepa kikwazo hicho kwa hesabu rahisi. Aligundua kuwa stempu ya bei ndogo na ile ya bei kubwa za toleo moja mara nyingi zilichapwa kwenye karatasi ileile, zenye alama ileile na meno yaleyale pembeni. Alinunua ile ya bei ndogo, akaondoa wino wake kwa kemikali, kisha akachapa juu yake picha ya ile ya bei kubwa aliyoipiga kutoka stempu halisi. Mara nyingine aliuacha hata muhuri halali wa posta. Mnunuzi akiitia kwenye benzini aliona alama ya kweli, na kwa hakika ilikuwa ya kweli. Kilichoghushiwa ni wino.

Mwaka 1942, wakati wa vita, maofisa wa forodha wa Ufaransa walikamata kifurushi cha stempu alichokuwa amekituma Ureno. Wataalamu walizikagua na kusema ni halisi na zina thamani kubwa, naye akashtakiwa kwa kupeleka mali nje bila kibali. Sperati akalazimika kujitetea kwa kuthibitisha kwamba ni mghushi. Aliwasilisha nakala nyingine zilizofanana kabisa na zile zilizokamatwa. Kesi zilizofuata zilimtia hatiani, lakini hakwenda gerezani, umri wake ukiwa umesogea.

Mwaka 1954 chama cha stempu cha Uingereza, British Philatelic Association, kilinunua akiba yake pamoja na vifaa vyake ili kumsimamisha kazi. Kisha wataalamu walizichambua nakala hizo na kutoa maelezo ya kuzitambua. Stempu halisi iliyochapwa kwa bamba la kuchongwa huwa na wino ulioinuka kidogo, lakini ya Sperati ni laini. Chini ya taa kama ile ya benki ya kukagulia noti, karatasi iliyosafishwa kwa kemikali inaweza kung'aa tofauti. Sperati alifariki mwaka 1957, na leo nakala zake zenyewe zina soko miongoni mwa wakusanyaji.

Mkulima anayenunua mbegu anakabiliwa na jambo hilohilo. Mfuko unaweza kuwa halali, wenye nembo ya kampuni, lakini ukawa umeokotwa baada ya kutumika na kujazwa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi. Kuukagua mfuko tu kunathibitisha mfuko. Mnunuzi aangalie pia mshono, lebo, tarehe na punje zenyewe, anunue kwa wakala anayejulikana, na aitunze risiti pamoja na mfuko hadi mavuno. Akipanda punje chache kwanza na kuhesabu zilizoota, atakuwa amepima bidhaa yenyewe kabla ya kuweka msimu mzima rehani.