Taiichi Ohno: Mhandisi aliyeyashuku maghala yaliyojaa

Taiichi Ohno, mhandisi wa Kijapani aliyefariki dunia mwaka 1990, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuthibitisha jambo ambalo wenye viwanda wengi walilipinga: kwamba ghala lililosheheni vipuri si dalili ya utajiri, bali ni fedha iliyolala na kasoro zilizofichika.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1912 mjini Dalian, kaskazini mashariki mwa China, mji uliokuwa chini ya Japani. Baada ya kusomea ufundi wa mitambo mjini Nagoya, aliajiriwa mwaka 1932 katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda. Mwaka 1943 alihamishiwa kampuni ya magari ya Toyota.

Vita Vikuu vya Pili viliiacha Japani katika ufukara. Mwaka 1950 magari ya Toyota yalikosa wanunuzi na madeni yakaielemea kampuni. Wafanyakazi waligoma, zaidi ya 2,000 kati yao wakapoteza kazi, na mwanzilishi wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Ohno, aliyekuwa mkuu wa karakana ya mashine, alishuhudia jinsi bidhaa zisizonunuliwa zinavyoweza kugharimu riziki za watu.

Jibu lake alilichota kwenye supamaketi za Marekani, alizozisikia kabla ya kuzitembelea mwaka 1956. Huko mteja huchukua anachohitaji, na rafu hujazwa kwa kadiri ya kilichochukuliwa. Ohno aliuleta utaratibu huo kiwandani. Kila kasha la vipuri lilifungiwa kadi, iitwayo kanban. Vipuri vilipotumika, kadi ilirudishwa kwa waliovitengeneza ili watengeneze idadi ileile. Pasipo kadi, hapakuwa na kazi ya kutengeneza.

Aliainisha aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, usafirishaji usio wa lazima, usindikaji uliopindukia, akiba ya ziada, mizunguko ya bure ya mfanyakazi na bidhaa zenye kasoro. Uzalishaji uliopita mahitaji aliuona kuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu huzaa na kuficha mengine.

Mafundi wengi walimpinga, hasa alipomtaka mtu mmoja asimamie mashine kadhaa. Ilimchukua takriban miaka kumi kuueneza mfumo huo katika viwanda vyote vya Toyota. Dunia iliutupia macho baada ya mtikisiko wa mafuta wa mwaka 1973, Toyota ilipoinuka upesi kuliko wengi.

Lawama hazikukosekana. Wapo waliosema kwamba kasi ya kazi iliwachosha wafanyakazi, na kwamba mzigo wa akiba ulihamishiwa kwa wauzaji wa vipuri. Mwezi Februari 1997, miaka saba baada ya kifo cha Ohno, moto uliunguza kiwanda cha Aisin mjini Kariya kilichotengeneza vali ya breki. Kwa kuwa Toyota ilikuwa na akiba ya muda mfupi mno, viwanda vyake nchini Japani vilisimama kwa siku kadhaa.

Tukio hilo lina uzito kwa nchi isiyo na bandari kama Rwanda. Kipuri kinachoshushwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kabla ya kufika Kigali. Karakana ya Gahanga, wilayani Kicukiro, haiwezi kuendeshwa kwa akiba ya saa chache. Hata hivyo, Ohno hakufundisha kwamba rafu ziwe tupu. Alifundisha kwamba akiba iwe na kikomo kinachojulikana, kinachopimwa kwa matumizi ya kila siku na muda wa kusubiri shehena mpya. Kadi ya karatasi kwenye kasha inatosha kumkumbusha mwenye karakana lini aagize, na lini fedha yake ibaki mfukoni.

Ohno alikitoa kitabu chake kuhusu mfumo huo mwaka 1978, na alifariki tarehe 28 Mei 1990 katika mji wa Toyota.